Kopo Lililozibwa kwa Nta

Simu ya Mugisho ilimkuta Gracieuse sokoni Gitega, mikono imezama ndani ya gunia, akimwonyesha mteja kwamba katika maharage yake hakuna hata punje moja yenye tundu la fukusi. Akaibana simu kati ya bega na sikio, akaendelea kupima. Mume wake hakuwa na kawaida ya kupiga mchana. Alifanya kazi Kobero, mpakani, akiwahangaikia madereva wa malori karatasi za forodha, na mchana kwake ulikuwa wakati wa kukimbia huku na huku.

"Mama iko anaona vitu mbili mbili," Mugisho alisema. "Kope zinaanguka zenyewe. Hata maji hamezi. Tumemleta hospitali, hapa Muyinga."

"Malaria?"

"Wamepima, haiko malaria." Akashusha sauti. "Yaya Esdras anauliza ulitia nini mu maharage."

Gracieuse aliacha kupima. Mteja alimwangalia, akaona sura imebadilika, akaenda zake bila kununua.

Alimwachia jirani yake Upendo gunia na pia mtoto, Raissa, aliyekuwa shuleni, akamwomba alale naye kule Yoba, mtaani kwao. Kisha akasimama barabarani. Petroli ilikuwa imeadimika tena, magari ya abiria yalipita machache na yote yamejaa, na mwishowe akapandishwa katika lori la vitunguu. Njia nzima aliyakumbuka yale maharage, tangu alipoyaosha mpaka alipoyafunga, akitafuta kosa. Hakuliona.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wanawake wa ushirika mmoja wa Makebuko walimfundisha Gracieuse namna ya kuhifadhi maharage makavu bila dawa. Unayajaza ndani ya pipa la plastiki, unaweka juu yake mshumaa unaowaka, unafunga kifuniko. Mshumaa unatumia ile hewa ya ndani mpaka unazimika wenyewe, na fukusi wanakufa kwa kukosa pumzi. Mbinu hiyo ilimletea jina sokoni. Wenzake walipokuwa wakipepeta unga wa fukusi, maharage yake yalibaki yaking'aa kama yaliyovunwa jana.

Basi akawaza: kama mshumaa unalinda maharage makavu, kwa nini usilinde yaliyopikwa? Mugisho aliishi Muyinga na mama yake katika chumba cha kupanga, makaa ni ghali, na mama mkwe wake, Bénédicte, alikuwa amechoka kupuliza moto kila siku. Gracieuse akapika maharage kwa mawese na vitunguu, akayatia moto moto katika makopo ya maziwa ya unga, akaweka kipande cha mshumaa juu ya kizibo cha soda, akafunika, halafu akaziba ukingo wote kwa nta. Nazario, dereva wa lori anayepita Gitega kwenda mpakani, akayabeba. Mara ya kwanza yalifika mazuri. Mara ya pili vilevile, na hii ya sasa ilikuwa ya tatu. Alijiona ana akili, na alikuwa nayo.

*

Jioni, hospitalini, alimkuta Bénédicte amelazwa chali, uso umelegea kama wa mtu aliyelala, mrija puani. Gracieuse akainama, akamwita. Hakujibu.

Esdras alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Huyu ndiye kaka mkubwa wa Mugisho, yaya kwa lugha ya kwao, muuza vitenge, na tangu baba yao Zihalirwa alipofariki neno lake ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani. Hakumsalimia shemeji yake. Aliichukua mkononi mwa Gracieuse termosi ya uji aliyoibeba kutoka Gitega, akampa mwanamke aliyekuwa akifagia, akamwambia aumwage mbali, mahali ambapo kuku hawafiki.

Wauguzaji wa vitanda vya jirani walikuwa wamekwisha kusikia. Mmoja aliyavuta masufuria yake chini ya kitanda. Mwingine, aliyekuwa akikunja nguo, aliifunika sahani ya mtoto wake kwa kitambaa. Gracieuse akabaki amesimama, hana pa kuiweka mikono yake.

Esdras alizungumza juu ya kile kitanda kana kwamba aliyelala pale hayupo. Alisema huko kwao Kivu wameshayaona haya, mtu anakauka polepole, anakufa macho wazi. Alisema mama alikula kwa mwanamke mmoja tu. Alisema kuna mzee mmoja anayejua kutapisha sumu, na laiti daktari angewaruhusu wangekuwa wameshafika kwake. Na kama mama atakufa, akasema, sisi tutazika na huyu atakwenda gereza.

"Mugisho naye alikula," Gracieuse alisema.

"Ndiyo maana," Esdras akajibu. "Bwana iko muzima, mama anakufa. Sumu yenye kujua kuchagua. Elezea watu hiyo."

Gracieuse akamgeukia mume wake. Mugisho aliangalia sakafu. Hilo lilimuuma kuliko uji uliomwagwa.

*

Daktari aliitwa Husni, kijana mwembamba aliyekulia katika kambi za wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio. Asubuhi iliyofuata alimwita Gracieuse pembeni pamoja na Mugisho, akawapa viti. Hakuuliza ulitia nini. Aliuliza ulipikaje, na ulihifadhije.

Gracieuse akamweleza yote, hata mshumaa, hata nta. Alipomaliza, daktari alisugua paji la uso.

"Ulichofanya kwenye maharage makavu ni sawa kabisa," alisema. "Mshumaa ukizimika ndani ya pipa, hewa nzuri imepungua, na hewa ukaa imejaa, ile mnayoiita gaz carbonique. Fukusi hawezi kuishi humo. Lakini maharage yametoka udongoni, Mama Raissa. Na udongoni kuna bakteria wa aina fulani, ambaye maisha yakiwa magumu hujifunga ndani ya ganda na kulala. Hilo ganda wanaliita spora. Unaweza kulichemsha sufuriani asubuhi yote na lisife."

"Na likiwa limelala, linadhuru mutu?"

"Mtu mzima, hapana. Shida ni likiamka. Bakteria huyu si kama mimi na wewe. Hewa tunayoihitaji sisi ndiyo inayomzuia. Wewe umempa majimaji, umempa chakula, umemfungia kopo, na lori limempa joto. Na ile hewa ukaa inayomuua fukusi, kwake yeye ni kama mtu anayemtikisa bega asubuhi. Ganda linapasuka, anachipua kama mbegu, anazaana. Halafu anatoa sumu."

"Basi iko sumu kweli," Gracieuse alisema.

"Ni sumu. Ila hakuna mtu aliyeitia."

Akaongeza kwamba hawezi kuapa kuwa kosa ni la mshumaa peke yake. Hata bila mshumaa, maharage yaliyofungwa na kukaa namna ile yangeweza kumwamsha. Maabara ya mbali ndiyo ingethibitisha. Lakini kope zinazoanguka, koo linalokataa kumeza, na akili iliyo timamu, vyote vilimwelekeza huko. Spora, alisema, haiogopi sufuria, lakini sumu yake inaiogopa, ikichemka sana inaharibika. Akamuuliza Mugisho kama alichemsha chakula chake kabla ya kula.

Mugisho akainua uso kwa mara ya kwanza. Ndiyo, alisema, alikichemsha sana kwenye jiko la mama lishe wa Kobero, maana yeye hali maharage yasiyotokota. Nyumbani makaa yalikuwa yamekwisha. Mama alikula ya baridi.

Daktari akatikisa kichwa taratibu. "Kuna mtu mwingine mwenye kopo kama hilo?"

Gracieuse alikuwa ameshasimama. Nazario. Alimpa kopo moja la shukrani kwa kumbebea mzigo.

*

Simu ya Nazario haikupatikana. Mugisho alitaka kwenda, Esdras akamkataza kuondoka kitandani pa mama, na Mugisho, kwa mazoea ya miaka yote, akaketi. Gracieuse akatafuta pikipiki. Alipokuwa akipanda alimsikia Esdras akiwaambia watu barazani: mnaona, anatoroka.

Kobero malori yalikuwa yamepangana mpaka kilimani. Alipita katikati ya wabadilisha pesa na wapakuzi, akiuliza lori la bluu la Nazario, na alipolipata, dereva alikuwa ameketi kivulini na wenzake wawili. Kopo lilikuwa katikati yao. Nta ilikuwa imebanduliwa nusu.

"Nazario, usikule hiyo."

Wale watu walicheka kwanza, wakidhani ni mambo ya mke na mume. Gracieuse angeweza kusema maharage yamechacha, basi, achukue kopo aende. Lakini aliwaza kwamba mtu akiambiwa yamechacha atanusa, hatasikia harufu mbaya, na atakula. Hivyo akasema wazi, mbele ya wapakuzi waliosimama kusikiliza.

"Iko na sumu. Nilipika mi mwenyewe, nilifunga vibaya. Mama mukwe wangu iko hospitali juu ya hiyo."

Kicheko kilikatika. Nazario aliivuta mikono yake kama aliyegusa kaa la moto. Mmoja wa wapakuzi alitema mate chini, akasema neno la Kirundi ambalo Gracieuse hakulisikia vizuri wala hakutaka kulisikia. Yeye alilichukua kopo, akalifunga katika kitenge chake, akamwomba Nazario anawe mikono kwa sabuni. Nazario akanawa. Kisha, bila kumtazama usoni, akamwambia asante, Mama Raissa. Habari ilishuka mlimani kabla pikipiki haijawaka.

*

Esdras alikuwa akimngoja uani hospitalini na wanaume wawili wa kanisani kwao. Alipoona kitenge na umbo la kopo, akakaza uso. Alisema hili ni jambo jepesi kumaliza. Kama chakula ni kizuri, mpishi hakiogopi.

"Kula," alisema.

Wauguzaji waliokuwa wakifua nguo waliacha kufua. Mugisho alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Gracieuse aliliangalia lile kopo. Siku ile alipopigiwa simu angeweza kulila lote, kwa kijiko kikubwa, huku wanamtazama, na angelala akiwa na amani. Sasa alijua, na kujua kulikuwa kumemfunga mikono.

"Jana ungenipa, shemeji, ningekula. Leo sikuli. Na weye haukuli, na hata imbwa haikuli."

"Basi umekubali."

"Nimekubali. Ni mikono yangu ndiyo ilipika, ni mi nilifunga. Lakini sikumutakia Mama mabaya. Hiyo ni vitu mbili, usiviweke pamoja."

Esdras alipiga hatua moja mbele kulichukua kopo. Hapo Mugisho alishuka ngazi, akasimama katikati yao. Hakupaza sauti. Alisema yeye alikula maharage yaleyale, na ni moto ndio uliomwokoa. Na alijua hivyo tangu asubuhi lakini alimwogopa kaka yake. Sasa hamwogopi. Akalipokea kopo kwa mke wake, akalipeleka kwa daktari, ambaye alitenga kidogo kwa ajili ya maabara na kuamuru kilichobaki kichemshwe na kufukiwa.

Ugomvi ungeweza kuendelea mpaka jioni, lakini muuguzi alitokea mlangoni akiwaita. Bénédicte alikuwa akishindwa kupumua.

*

Walimkuta daktari amemfunika mdomo na pua kwa kinyago cha mpira, chenye mfuko kama mpira wa miguu uliolegea. Alikuwa akiubana na kuuachia, na kila alipoubana kifua cha mama kiliinuka. Alisema bila kuacha kubana kwamba mashine ya kupumulia iko Gitega, gari la wagonjwa lipo na lina mafuta ya kufika. Muuguzi atakwenda, lakini muuguzi atakuwa na mrija wa kufyonza mate na dripu ya kushika. Alihitaji watu wawili wa kupokezana mfuko. Alimtazama Mugisho, ambaye mikono ilimtetemeka vibaya. Akamtazama Gracieuse.

"Huyu?" Esdras alisema. "Pumuzi ya mama uweke mu mikono ya huyu?"

Daktari alijibu akiwa ameinama. "Bwana Esdras, sumu hii inalegeza misuli. Haigusi akili. Mama yako hajazimia hata mara moja. Kila mnachosema hapa tangu jana, anakisikia."

Esdras aliangalia ule uso uliolegea, kope zilizoanguka, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akiyarudia moyoni maneno yake, moja baada ya jingine. Gracieuse alipiga magoti kando ya kitanda. Alimuuliza mama mkwe wake kama anamkubali. Kama anamkataa, asifanye kitu. Kama anamkubali, asogeze kidole.

Kidole kilikawia. Kisha kile cha shahada kikakwaruza shuka, kidogo tu, kama mdudu anayetembea.

*

Esdras ndiye aliyeanza kushika mfuko ndani ya gari. Aliubana kwa hofu, kwa nguvu na haraka, hata muuguzi akamwambia apunguze, aache kifua kishuke kwanza. Alijitahidi. Walipokaribia Karuzi vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na hakusema. Gracieuse aliona. Aliweka mikono yake juu ya ile ya shemeji yake, akafuata mwendo uleule, bana, achia, mpaka Esdras akaichomoa yake polepole kutoka chini, na mfuko haukukosa hata pumzi moja.

Esdras alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nje vilima vilipita, migomba, watu na baiskeli zenye ndizi.

"Alisikia yote," alisema baadaye.

"Daktari amesema hivyo."

"Mi nilisema ya kuzika. Iko hai, mi niko nasema ya kuzika."

Kifua kilikuwa kinashuka, ilikuwa zamu ya kubana.

"Shika kichwa chake, shemeji," alimwambia. "Barabara ina mashimo."

Akakishika, kwa viganja vyote viwili, na hivyo ndivyo walivyoingia Gitega, wameinama wote wawili juu ya mama mmoja.

*

Mashine ilimpumulia Bénédicte kwa muda mrefu, kisha ikamwachia kidogo kidogo. Majibu ya maabara yalikuja yakithibitisha maneno ya daktari Husni. Kope moja iliinuka kabla ya nyingine. Mkono ukafuata, kisha shingo. Gracieuse alitoka Yoba kila asubuhi kumwogesha na kumgeuza, na Esdras, alipokuwa akija kutoka Muyinga, aliketi upande wa pili akiwa na maneno machache kuliko zamani. Siku moja alileta kitenge kipya, akakiweka mapajani mwa shemeji yake, akatoka nje kabla ya kushukuriwa. Sauti ya mama iliporudi, nyembamba na yenye kukwaruza, neno la kwanza alimpa yeye.

"Esdras, unasemaka sana."

Mwanawe alicheka, halafu akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akabaki hivyo.

Mambo hayakunyooka yote mara moja. Sokoni wapo waliomkwepa Gracieuse, na mteja mmoja alimuuliza usoni kama haya ni yale maharage ya sumu. Aliwajibu kila mmoja, hakuchoka. Lakini kilichomnyima usingizi ni Makebuko. Kabla ya yote haya alikuwa amewasimulia wanawake wa ushirika ujuzi wake wa makopo, kwa majivuno, nao walimpigia makofi. Akaomba nafasi ya kusema nao.

Alisimama mbele yao uani pa ushirika, akaeleza bila kujificha: mshumaa ni wa maharage makavu tu. Chenye maji usikifungie. Kilichopikwa kiliwe, au kichemshwe upya mpaka kitokote. Aliwaeleza juu ya kale kadudu kanakolala ndani ya ganda, na hewa inayomuua fukusi huku ikikaamsha kenyewe. Mwanamke mmoja aliinuka katikati ya maneno, akaondoka mbio kuelekea kwake. Kila mtu alielewa anakimbilia nini, na hakuna aliyemcheka.

Bénédicte alikuwa amekuja naye, ingawa alikatazwa kujichosha. Alikaa kwenye kiti cha mbele, fimbo magotini, jicho moja bado zito. Mkutano ulipokwisha, sufuria kubwa ya maharage ilikuwa ikitokota juu ya mafiga. Gracieuse ndiye aliyeyapika, kwa ombi la ushirika wenyewe. Lakini wakati wa kupakua ulipofika, wanawake walianza kutafuta shughuli: huyu anamfunga mtoto vizuri mgongoni, yule anatafuta kiatu. Sahani zilibaki zimepangwa mkekani, safi.

"Mi nina njaa," Bénédicte alisema. "Hapa hakuna mutu wa kunipakulia?"

Gracieuse alimjazia sahani. Mama alipuliza mvuke, akatafuna taratibu kama alivyofundishwa hospitalini, akameza, wote wakimtazama koo. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, akaifuta kwa kipande cha ugali, kisha akainyoosha tena.

"Ongeza," alisema. "Na mawese kidogo."

Nyuma yake mwanamke mmoja aliokota sahani mkekani, akaja kusimama. Halafu mwingine.